Kovu Chini ya Jicho la Mke wa Sultani

Jumamosi, Agosti. Upepo na vumbi tangu asubuhi, umeme hakuna tangu saa mbili.

Shajara yangu ya mtandaoni, leo nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi ya Bariadi. Genereta linanguruma nje ya dirisha, na nywele zangu zimejaa nyuzi za pamba kwa sababu malori ya wanunuzi yamepita barabarani siku nzima. Niliandika kwanza kwenye daftari, sasa nanakili haraka, maana mwenye genereta ametangaza kwamba mafuta yakiisha na sisi tumeisha. Kwa hiyo nikirukaruka, nivumilie.

Nimepakata picha mbili. Zote tunaziita Mama.

Nianze na mama mwenyewe. Aliitwa Minza. Alifariki nikiwa na mwaka mmoja na miezi michache, kijijini kwetu Ipililo, upande wa Maswa. Hakuacha picha hata moja. Si kwamba wapiga picha hawakuwepo. Alikuwepo mmoja aliyezunguka minadani na baiskeli, kamera ameifunga kwenye kitambaa cheusi kifuani. Baba alimwahidi mama kwamba wakishavuna watapiga picha, wote wawili, wamekaa kwenye viti. Wakavuna. Siku ya mnada ilipofika mama alikuwa na homa, wakasema basi, mnada ujao. Hiyo ndiyo habari yote ya picha ya mama yangu.

Miaka michache baadaye ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Wenye umri wangu mnaokumbuka, mnakumbuka. Kabla ya hapo sabuni ilikuwa kitu cha kufungiwa kwenye sanduku, halafu ghafla vitu vikaanza kushuka kutoka kwenye malori: mitumba, miavuli, betri, vikombe vyenye maua, redio. Nilikuwa na miaka mitano hivi. Baba aliuza pamba yake, akasema anakwenda Bariadi kununua redio. Shangazi Kabula, dada yake baba, ambaye alikuwa amekuja kutulea, alifua kitambaa cha kufuma akakitandika juu ya kigoda, tayari kwa redio. Mimi na kaka yangu Shija tulikaa njiani tangu mchana. Shija alikuwa darasa la tano na alishawaambia shule nzima.

Baba alirudi jua likiwa linaelekea kuzama, amebeba kitu bapa ndani ya kanga. Shangazi alikipokea, akakitikisa, akakiweka sikioni. Kimya. Akafungua. Ilikuwa picha ya mwanamke, ndani ya fremu, na kioo chake hakijapasuka.

Mwaka ule majirani walinunua redio. Sisi tulinunua mwanamke.

Nimwelezee, maana nimemtazama zaidi ya mtu yeyote duniani. Amegeuka kidogo upande, anatazama kitu ambacho sisi hatukioni. Kichwani ana kofia ndefu, ya duara, imezungushiwa mawe ya thamani. Mkufu wa lulu unashuka kutoka kwenye kofia unapita shavuni hadi shingoni. Hacheki, wala hajanuna. Amechorwa kwa mistari midogo myeusi, maelfu, ukisogea karibu anapotea unabaki na mistari, ukirudi nyuma anatokea tena. Karatasi ilikuwa nyeupe zamani. Baada ya miaka kadhaa ya moshi wa jikoni kwetu, alikuwa amepata rangi yetu kabisa.

Baba alipigilia msumari ukutani, akamtundika, akasema, "Huyu amefanana na mama yenu."

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Nayakumbuka vizuri. Lakini nyumba yenye watoto haiwezi kubeba maneno mengi hivyo kila siku. Mwaka wa kwanza ilikuwa "yule anayefanana na Mama." Mwaka wa pili ikawa "picha ya Mama." Nilipoanza darasa la kwanza alikuwa Mama tu. Nilimwamkia nikienda shule. Nilimwonyesha daftari likiwa na vema nyingi, na likiwa na makosa nilipita mbali kidogo. Kila mwanzo wa mavuno Baba alichukua konzi ya pamba mpya, ile ya kwanza kabisa, akafuta kioo chake taratibu, pembe hadi pembe. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia.

Sasa ngoja nikiri jambo la aibu. Mimi ni mtu mzima. Nafundisha historia sekondari. Nina cheti chenye muhuri. Na mpaka jana saa tisa alasiri sikuwa nimewahi kujiuliza, kwa sauti, ni lini hasa mkulima wa Ipililo alivaa lulu. Kila swali hilo lilipotaka kuinua kichwa nililikalisha chini. Nilijiambia labda alipigwa picha Mwanza, studio, kwa nguo za kuazima. Nilijiambia labda ni picha ya kuchora, na mchoraji alimpamba. Nikiwa chuo cha ualimu nilikuwa nafunga kilemba kirefu na kusimama nimegeuka kidogo upande. Wenzangu walidhani naringa. Sikuwa naringa, nilikuwa namtafuta.

Basi. Mwaka huu Baba amesema anataka kumjengea Mama kaburi. Limekuwa udongo miaka yote hii, na mvua kila msimu inalishusha kidogo. Macho yake yamefunga ukungu, mkono unatetemeka, na alituita akasema kwa maneno machache kama kawaida yake: "Nataka nimjengee Minza kabla sijaondoka." Saruji imepelekwa, fundi yuko tayari, katekista atakuja kesho baada ya ibada kuombea. Na juu ya kaburi, kwenye msalaba, fundi ameacha kidirisha kidogo chenye kioo. Cha picha.

Kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi mjini, kazi ya picha ilinijia mimi. Shija aliniletea fremu kutoka nyumbani, nikaipeleka Alhamisi kwa Masele, fundi picha mwenye kompyuta, wa kule nyuma ya soko. Picha yenyewe haiwezi kukaa juani, kwa hiyo ilitakiwa nakala, ikuzwe, ing'arishwe, halafu ifunikwe plastiki. Masele ni kijana mwenye bidii na anaipenda kompyuta yake kuliko wateja. Aliitoa picha kwenye fremu, akaiweka kwenye mashine, akaitazama kwenye kioo cha kompyuta, akasema, "Mwalimu, hapa chini ya jicho pana uchafu. Kamstari hivi. Nautoa?"

Nikasema, "Toa."

Naliandika hapa hilo neno kwa sababu najijua, baada ya mwezi nitaanza kusema ni Masele aliyeamua.

Alinirudishia ile ya asili palepale, imerudishwa kwenye fremu, nikaenda zangu.

Sasa jana. Shuleni kwetu lililetwa boksi la vitabu vya msaada kutoka Ulaya. Vitabu vya namna hii tunavijua: vya mapishi ya samaki ambao hatujawahi kuwaona, vya kutengeneza boti, kamusi ya lugha mbili na zote si zetu. Nilipewa kazi ya kuvipanga. Chini kabisa palikuwa na kitabu kikubwa cha picha za kuchapwa za zamani. Nikakifungua katikati, na Mama akanitazama.

Si mtu aliyefanana naye. Yeye. Kofia yake, lulu zake, kule anakotazama. Amejaza ukurasa mzima.

Nilikaa sakafuni kwenye stoo kati ya maboksi. Kiingereza changu ni cha kitabuni, na kwa mara ya kwanza nilishukuru, maana niliyasoma yale maelezo neno kwa neno mpaka nikayaelewa. Picha ilitengenezwa Venisi, mji wa Italia, miaka mamia iliyopita. Mwanamke huyo anatajwa kuwa mke wa Sultani wa Waturuki, yule aliyependwa kupita wote. Mchoraji alichonga mistari kwenye bamba, akapaka wino, akagandamiza karatasi, na kila karatasi iliyotoka ilikuwa mwanamke yuleyule, akauzwa sokoni kwa yeyote aliyetaka kumjua.

Halafu likaja jambo lililonifanya nirudie aya ile mara tatu. Mchoraji hakuwahi kumwona.

Hakuna mwanamume mgeni aliyeruhusiwa kuingia walikoishi wanawake wa Sultani. Wachoraji wa Ulaya walikaa kwao, wakawasikiliza wafanyabiashara na mabalozi waliotoka huko, na hao nao walikuwa wamesikia kwa wengine. Ana kofia ndefu. Ana lulu. Ni mzuri sana. Basi wakachora. Kwenye ukurasa wa pili yupo mwanamke mwingine, binti wa Sultani huyohuyo, naye ana sura ileile, pua ileile, macho yaleyale. Wamebadilisha mapambo na jina tu. Watu wakanunua mama, wakanunua na binti, wakatundika wote wawili.

Nilibeba kitabu nyumbani bila kuaga, na nilipofika nilitoa vibanio vya nyuma ya fremu. Chini ya picha karatasi ilikuwa imekunjwa kwa ndani ili ienee. Nikaikunjua. Herufi kubwa za Kirumi, zilezile za kwenye kitabu, na chini yake vijisanduku vya tarehe vilivyokatwa nusu. Ilikuwa kalenda. Mama yangu alikuwa ukurasa wa kalenda ya Wazungu, aliyekuja nchini kwenye robota la mitumba, labda ametandikwa chini ya makoti yasichafuke.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia Baba kwa namna ambayo sijawahi. Nilihesabu asubuhi zote nilizomwamkia mke wa Sultani nikadhani namwamkia mama yangu. Niliwaza kaburi la Minza wa Ipililo, mkulima, Mkristo, likiwa na malkia wa Waturuki msalabani, na katekista anaombea, na sisi tumeinamisha vichwa. Nikaamua kwamba picha haitakwenda. Asubuhi nitampigia Shija simu nimwambie kidirisha kizibwe kwa saruji, na Baba nitamweleza mimi mwenyewe, mbele ya kaburi kama itabidi. Nilikuwa nimeshayapanga maneno, makali, yenye adabu kidogo.

Leo saa tano asubuhi Shangazi Kabula akafika. Siku hizi anaishi kwa mwanawe Lagangabilili, na tulikubaliana apitie kwangu ili kesho tuondoke pamoja na basi la alfajiri. Alikuja na kuku mmoja, viazi vitamu vilivyokaushwa, na habari za magoti yake.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu salamu ya asubuhi kwa Kisukuma chetu; mayu, yaani mama, ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mbona uso umekuvimba?"

Nilimkalisha, nikamwekea kitabu mapajani, nikamwekea na ile picha pembeni, iko nje ya fremu. Nikamweleza yote kwa pupa: Venisi, Sultani, mchoraji ambaye hakuona, mama na binti wenye sura moja. Nilitegemea ashtuke. Nilitaka awe upande wangu, maana yeye ndiye aliyenyimwa redio.

Shangazi hajui kusoma, lakini kutazama anajua. Alivuta ukurasa karibu, akausukuma mbali, akamtazama mke wa Sultani, akamtazama na binti yake. Kisha akasema polepole:

"Kumbe na hao walikuwa hawana picha."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Mwanamke aliyependwa kupita wote, mwenye lulu mpaka shavuni, naye aliondoka duniani na hakuna ajuaye sura yake. Yuko sawa na Minza. Watu walitaka kumwona wakakosa, wakatengeneza uso wakauweka mahali pake, na uso huo ukavuka bahari, ukavuka miaka, ukaja kutundikwa kwenye msumari wa ukuta wa udongo, Ipililo, kwa kazi ileile. Nilitaka kuendelea na hasira yangu nikaona imepungua nguvu.

Shangazi hakuwa amemaliza. Kidole chake kilikuwa kinakwenda kwenye kitabu na kurudi kwenye picha.

"Huyu wa kitabuni hana kovu," akasema.

"Kovu gani?"

"Kovu. Hili."

Akanionyesha. Chini ya jicho, kamstari kadogo, kamejipinda kuelekea sikioni. Ule uchafu wa Masele. Nimeishi na mstari huo maisha yangu yote. Nikiwa mdogo nilidhani ni kivuli cha jicho, nilipokua sikuuona tena, kama usivyouona mlango wa nyumba yenu. Nikachukua kitabu nikatazama kwa makini. Mke wa Sultani wa kitabuni shavu lake ni safi.

Ndipo Shangazi akanisimulia jambo ambalo kwa miaka ishirini hakuna aliyenisimulia, kwa sababu, anasema, hakuna aliyeuliza.

Siku ile ya redio alikasirika sana. Sisi watoto alitufukuza tukaingize kuku, kisha akamgeukia kaka yake. Alimwambia umepoteza mavuno ya mwaka mzima kwa mwanamke wa kizungu. Alimwambia, "Huyu si Minza. Minza alikuwa na kovu." Ndama alimkwaruza kwa pembe changa akiwa msichana, kabla hajaolewa, alipokuwa akimfunga kamba ndama huyo. Baba alikuwa mlangoni. Alimwita Shija, akamwomba kalamu ya shule, akakaa kwenye kizingiti, akaitoa picha kwenye fremu, akailaza juu ya goti.

"Alikaa pale muda," Shangazi akasema. "Nilidhani analia. Nilipomsogelea nikaona anafumba macho, anafumbua, anafumba tena. Halafu akachora. Mara moja tu, hakurudia. Akapuliza wino ukauka, akairudisha kwenye kioo. Nikaitazama. Mayu, nikaingia jikoni. Tangu siku hiyo sijamwambia tena habari ya redio."

"Kovu lilikuwa hivyo hivyo?"

Shangazi akafikiri, akagusa shavu lake la kulia, akagusa la kushoto. "Lilikuwepo. Lakini upande gani, urefu gani, mimi ningekwambia uongo. Yeye ndiye anayejua."

Niligeuza karatasi. Kwa nyuma, mahali pa shavu, palikuwa pamevimba kidogo. Nilipitisha ncha ya kidole nikausikia mstari. Alikuwa amekandamiza kwa nguvu zote, Baba yangu, mtu ambaye mkono wake unajua jembe na kamba ya ng'ombe na hajawahi kuchora hata nyumba. Mistari mingine yote maelfu ilichongwa na fundi hodari wa Venisi ambaye hakumwona mtu. Mstari mmoja umechorwa na mtu aliyeona.

Nilikaa na kidole hapo mpaka Shangazi akauliza kama kuku atajichinja mwenyewe.

Halafu nikakumbuka. Toa.

Sijui kama nilivaa viatu sawasawa. Nilifika kwa Masele jasho linanitoka, na nilimkuta amekaa nje ya duka kwenye kivuli, maana umeme hakuna na kompyuta imelala. Picha ilikuwa tayari, imekuzwa, inang'aa. Akanikabidhi kwa mikono miwili, amejaa fahari. Shavu la Mama lilikuwa safi, laini, shavu la mwanamke ambaye ndama hajawahi kumgusa.

"Umeona kazi, mwalimu? Hapo nimekaa jana asubuhi nzima. Huwezi hata kujua pale palikuwa na kitu."

Kweli, huwezi.

Nikamwomba anirudishie ule mstari. Akadhani natania. Nilipomweleza kwamba sitanii alikuna kichwa akasema nakala ya kwanza ameifuta, kompyuta ilikuwa inajaa, na kuipitisha tena kwenye mashine hadi umeme urudi, na umeme kwa mgao huu unarudi usiku wa manane ama haurudi. Plastiki nayo hajaiweka, kwa sababu mashine yake nayo ni ya umeme. Hilo la mwisho alilisema kwa kuomba radhi. Mimi nilikaribia kumkumbatia. Picha ilikuwa bado wazi, karatasi tupu, inakubali wino.

Masele si mjinga, aliona macho yangu yanakwenda wapi. Akachomoa kalamu mfukoni. "Niuweke mimi? Mkono wangu ni mwepesi. Nielekeze tu ulikuwa wapi."

Niliivuta picha kifuani.

"Hukumwona," nikamwambia.

Sasa hivi najua nilimwonea. Kijana alikuwa anasaidia. Nilimwomba radhi nikamshukuru kwa kazi yake, na ni kazi nzuri kweli, ila alikuwa anajitolea kufanya kilekile alichofanya mwenzake wa Venisi, na leo nilikuwa nimeshiba habari hizo.

Nikarudi nyumbani, nikaweka picha zote mbili mezani, ya zamani na mpya, nikachukua kalamu yangu ya kusahihishia, nikaibadilisha kwa nyeusi. Nilijiambia ni jambo dogo. Kovu lipo pale, nitanakili. Naweza kupima kwa rula, nusu kidole kutoka kwenye kope, limejipinda kidogo. Mimi ni binti yake. Damu yake ninayo. Nikasogeza ncha ya kalamu mpaka karibu na karatasi.

Mkono ukakataa.

Si kwa woga wa kuharibu. Ni kwamba nilifumba macho kama Baba alivyofumba, ili nimwone kwanza, na ndani ya macho yangu akaja yule wa kofia. Sina mwingine. Mama yangu nimembeba mgongoni mwangu maisha yote na sijawahi kumwona, na kwa hilo mimi na mchoraji wa Venisi na Masele tuko kundi moja. Niliirudisha kalamu chini taratibu. Nililia kidogo, nikiri, na Shangazi aliendelea kunyonyoa kuku kana kwamba haoni, jambo ambalo nalo ni aina ya upole.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Picha inakwenda. Kidirisha hakizibwi. Sitampigia Shija simu, na lile tangazo langu kali lenye adabu kidogo nimelifuta kichwani. Baba hakunidanganya. Alisema amefanana, halafu akaona kufanana hakutoshi, akaongeza alichokuwa nacho.

Kesho kabla katekista hajafika nitakaa naye kwenye kizingiti kilekile. Nitamwekea picha mpya juu ya goti. Nitamwambia ukweli wangu, kwamba nililifuta kovu la Minza kwa neno moja kwa sababu nilidhani ni uchafu, na kwamba ninaomba alirudishe. Nimeweka kalamu mbili kwenye pochi, maana karatasi inayong'aa huwa inakataa wino, moja ikigoma ipo nyingine.

Naogopa kitu kimoja. Macho yake ni mabovu, hataiona picha vizuri. Mkono unatetemeka. Labda mstari utakwenda pembeni, labda utakuwa mrefu kuliko ule wa kwanza, labda utapita juu ya lulu. Nilimwambia Shangazi hofu hiyo tukiwa tunakula.

Akamaliza kutafuna, akasema, "Hata siku ile alichora akiwa amefumba macho."

Genereta linakohoa, mwenyewe ananiangalia. Picha nimezifunga kwenye kanga, zote mbili, uso kwa uso. Basi la Maswa linaondoka alfajiri. Nitamshikia Baba karatasi isitikisike, kovu aliweke yeye.